Kifua Hudanganya: Funzo la Foleni ya Samunge

Machi 2011, barabara ya vumbi inayotoka Mto wa Mbu kupita Selela na Engaruka ilijaa magari usiku na mchana. Watu wa Mbulumbulu, huku Karatu, wanaijua nchi ile kwa kuitazama kutoka juu. Ukisimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, upande wa Lositete au Upper Kitete, tambarare yote iko chini ya miguu yako. Land Cruiser za kukodi, mabasi na malori yaliyobeba wagonjwa juu ya magodoro, vyote vilikuwa vinakwenda Samunge, kijiji cha Wasonjo wilayani Ngorongoro. Huko mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alikuwa anagawa dawa. Nchi nzima ilimwita Babu, na dawa yake ikaitwa kikombe.

Vijana waliozaliwa karibuni huenda wasiamini jinsi jambo lile lilivyokuwa kubwa. Mzee alisema alioteshwa na Mungu. Mti aliooneshwa ni mugariga, ambao ulichemshwa kwenye masufuria makubwa juu ya kuni. Bei ilikuwa shilingi 500, na kila mtu alikunywa kikombe kimoja tu, mara moja. Magonjwa yaliyotajwa ni yale tunayoyaita sugu: UKIMWI, kisukari, saratani, shinikizo la damu, na pumu.

Hiyo pumu ndiyo iliyonifanya niandike. Yaliyowapata wenye virusi vya UKIMWI walioacha dawa baada ya kikombe yamesemwa sana, na ni haki yasemwe. Wenye vifua wametajwa kidogo. Nao ndio wagonjwa ambao, kwa maoni yangu, walikuwa rahisi kuliko wote kudanganyika. Sisemi walikuwa wajinga. Nasema kifua chenyewe kina tabia ya kudanganya, na mtu anayekohoa peke yake nyumbani kwake hana wa kumzindua.

Kwanza nimtendee haki marehemu. Mzee Mwasapila alifariki Julai 30, 2021, na hadi mwisho watu wengi walimheshimu. Shilingi 500 haikuwa bei ya tapeli. Waliotajirika katika habari ile ni wenye magari ya kukodi na wauza maji na vyakula njiani. Naamini aliamini alichokifanya. Lakini imani ya mtoa dawa haimwambii mgonjwa kama dawa imefanya kazi, na hapo ndipo tulipojikwaa. Nasema tulijikwaa kwa sababu mimi na wewe, tukibanwa kifua saa nane za usiku, huwa hatuulizi maswali mengi.

Dalili za hatari zilikuwepo, na zilikuwa wazi.

Ya kwanza ni ile ya dozi moja kwa wote. Mwenye saratani ya ini, mwenye sukari, na mtoto wa pumu, wote walipewa kikombe kile kile. Kila mkulima wa Karatu anajua kwamba dawa ya kutu ya ngano haiui wadudu wa maharage. Shambani hatukubali kudanganywa hivyo hata na muuza duka tunayemwamini. Kwenye miili yetu tulikubali, tena tulikubali kwa furaha, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Mwenye ugonjwa wa kudumu amechoka kuambiwa maneno marefu. Amechoka kusikia "utatumia dawa hii maisha." Akija mtu na kusema "mara moja tu," moyo unafunguka kabla akili haijaamka.

Ya pili ni ushuhuda wa njiani. Kumbuka utaratibu ulivyokuwa. Gari lilifika baada ya siku kadhaa za foleni, wasaidizi wakapita dirishani na vikombe vya plastiki, abiria wakanywa wakiwa wamekaa humo humo garini, dereva akageuza. Kabla gari halijarudi Engaruka, tayari mtu yuko kwenye simu: "Nimekunywa, naona mwili umekuwa mwepesi." Simu hiyo moja iliwatoa watu kumi vitandani. Ule wepesi ulikuwa wa kweli, sina sababu ya kuukataa. Mtu aliyehangaika siku nne barabarani akafikia alichokitafuta huwa mwepesi. Lakini ushuhuda ulitolewa siku ya kwanza, na hakuna aliyempigia simu mtu yule yule baada ya miezi mitatu. Magazeti yaliandika waliokwenda. Waliorudi wakaumwa tena waliugulia majumbani mwao kimya, wengine kwa aibu, wengine wakijilaumu kwamba imani yao ilikuwa haba.

Ya tatu inaniuma zaidi, kwa sababu ilitoka kwa watu waliosema kweli. Serikali ilituma wataalamu, dawa ikachunguzwa, na taarifa ikatoka kwamba ni salama kwa matumizi ya binadamu. Salama maana yake haikudhuru. Chai ya rangi nayo ni salama. Lakini vijiweni na kwenye mabasi taarifa ile ilisikika hivi: "Serikali imethibitisha dawa ya Babu." Wabunge na mawaziri walipoonekana nao wakinywa, mambo yakaishia hapo. Nani angesimama kwenye foleni ya watu elfu aanze kueleza tofauti ya kutodhuru na kuponya?

Na ya nne ni vifo. Mwishoni mwa Machi 2011, vyombo vya habari viliripoti kwamba watu wapatao 52 walikuwa wamekufa wakisubiri zamu yao. Foleni ilikuwa imepita kilomita 20, na zaidi ya watu 20,000 walikuwa wamekwama porini bila vyoo vya kutosha wala maji. Baadhi yao walikuwa wametolewa wodini na ndugu zao. Mzee mwenyewe aliomba watu wapya wasije mpaka Aprili 1 ili waliopo wahudumiwe. Jiulize kidogo: dawa ambayo mgonjwa mahututi anakufa njiani akiifuata, tulipaswa kuipima vipi? Sisi tuliwahesabu waliokunywa tu. Waliokufa kabla ya kunywa tulisema walichelewa.

Sasa tuje kwenye kifua.

Pumu huja na kuondoka yenyewe. Mtu anaweza kubanwa wiki nzima, halafu akapumua vizuri miezi miwili bila kufanya lolote. Na mgonjwa hutafuta tiba lini? Siku amezidiwa. Kwa hiyo kinachofuata mara nyingi ni nafuu, hata angekunywa maji ya kisimani, na sifa itakwenda kwa chochote alichokunywa mwisho. Tena safari yenyewe ilibadilisha mambo. Chukua mama wa Mbulumbulu, anayepika kwa kuni ndani ya nyumba kwa sababu Juni na Julai nje kuna baridi kali. Kifua chake kimeharibiwa na moshi wa miaka thelathini ya mafiga. Mama kama huyo akiondoka nyumbani wiki moja ameuacha moshi. Atakohoa vumbi, sawa, lakini jiko lake liko mbali. Akirudi na nafuu, atasema ni nini kimemponya? Mumewe naye hatasema ni moshi, maana akisema hivyo itabidi atengeneze jiko lingine au dohani.

Kifua kikuu kina udanganyifu wake, na huo ni hatari zaidi. Matibabu ya kawaida ni miezi sita. Miezi miwili ya mwanzo mgonjwa anameza mchanganyiko wa dawa nne, mkojo wake unageuka rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini, na kikohozi kinaanza kukatika. Uzito unarudi. Hamu ya ugali inarudi. Kufikia mwezi wa tatu anajiona mzima na anataka kwenda shambani, kumbe vijidudu vilivyobaki ndivyo vigumu kufa. Mtu akikutana na mhubiri wa dawa fulani katika mwezi huo wa tatu, ataamini kila neno, kwa kuwa mwili wake unakubaliana na mhubiri. Akiacha dawa hapo, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu kwa dawa zile, na safari yake inayofuata inaweza kuwa Kibong'oto, kule Siha, hospitali ya kifua kikuu iliyoanza 1926, ambako nchi hii ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009.

Halafu kuna dawa za pumu zenyewe, ambazo nazo zinachanganya. Inhela ya bluu, salbutamoli, inafungua kifua kwa dakika chache na mgonjwa anaisikia ikifanya kazi. Ile nyingine, ya kuzuia, mara nyingi yenye rangi ya kahawia, haisikiki kabisa. Unavuta leo, unavuta kesho, huoni lolote. Kazi yake ni kupunguza uvimbe ndani ya njia za hewa polepole, kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo wengi huiacha na kubaki na ya bluu, na hapo ndipo pumu inapoua. Mwaka 2019 wataalamu wa dunia wanaotoa mwongozo wa pumu walibadili msimamo wao wakasema mtu mzima asitibiwe tena kwa ya bluu peke yake. Ona basi jinsi mambo yalivyopinduka: dawa inayokusaidia zaidi huisikii, na kikombe ambacho hakuna aliyethibitisha kwamba kinaponya kinakufanya ujisikie mwepesi njiani.

Daktari wa zamu hana dakika za kukueleza yote haya. Ana wagonjwa wengi nje, na wewe umetembea mbali, unataka dawa uwahi usafiri wa kurudi. Atakayekueleza vizuri ni mtu aliyepitia. Mtu aliyewahi kuiacha ile ya kahawia akaishia kulazwa. Mtu anayejua kwamba mwezi wa tatu wa TB una ulaghai kwa kuwa naye aliuona. Watu hao wapo. Wanaishi vijiji jirani na hawajuani.

Ndiyo maana naitazama foleni ya Samunge kwa jicho tofauti na wengi. Nadhani kilichowavuta watu kule kilizidi dawa. Kwa mara ya kwanza mtu wa pumu alikaa siku tatu pembeni mwa mtu mwingine wa pumu. Waligawana maji, wakaelezana usiku wao ulivyo, wakaulizana umri wa ugonjwa. Nyumbani, mwenye kikohozi kisichoisha anatengewa kikombe chake na kijiko chake. Watu wanasogea kwenye benchi la kanisani. Binti anaambiwa afiche asije akakosa mchumba. Kule foleni hakuna aliyesogea. Tukiwacheka waliokwenda bila kuuliza walikuwa wanakosa nini hapa nyumbani, akija mwingine na kikombe chake watakwenda tena. Walikwenda kweli: mwaka ule ule, baada ya Samunge, vikombe vingine vilizuka Mbeya, Tabora na kwingineko.

Kukutana kwa wagonjwa wa kifua si jambo jipya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya ya Estie, kaskazini mwa Ethiopia, wagonjwa wa kifua kikuu wanaotoka kijiji kimoja walipangiwa siku moja ya kliniki, wakajiunga katika vikundi vidogo, wakachagua kiongozi wao. Walikumbushana dawa, walimfuata aliyekosa, na waliwaambia majirani wenye kikohozi kirefu waende wakapimwe. Haileyesus Getahun na Dermot Maher waliandika kuhusu mpango ule, na matokeo yalionyesha kwamba wanakikundi walimaliza dawa kwa wingi kuliko wagonjwa waliobaki wenyewe. Wilaya ile ilikuwa ya wakulima wa milimani, mbali na mji, zahanati chache. Mtu wa Mbulumbulu akisoma habari zake hatajiona mgeni.

Hapa kwetu Tanzania kuna Mukikute, kikundi cha Temeke, Dar es Salaam, kilichoanzishwa na watu waliougua kifua kikuu wakapona. Shirika la APOPO lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, linafundisha panya buku kunusa makohozi, na panya mmoja anaweza kupitia sampuli mia moja kwa dakika ishirini hivi. Panya anapogundua kifua kikuu ambacho darubini ya kliniki haikukiona, lazima mtu yule atafutwe mtaani. Nani atamtafuta? Mukikute. Anayegonga mlango ni mtu aliyewahi kukohoa kama wewe, na hilo linabadilisha mazungumzo yote pale mlangoni. Nchi yetu ilikuwa mfano katika kutibu kifua kikuu tangu zamani: Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulioanza 1977, kwa ushauri wa daktari Karel Styblo, ndio uliokuja kuigwa duniani kote. Sasa mgonjwa anachagua msimamizi wa kumwangalia akimeza dawa. Ila msimamizi akiwa ndugu mwenye huruma, mwezi wa tatu naye anasema, "Si umeshapona?"

Na waliopona TB wakabaki na mapafu yenye makovu? Hao ndio waliosahaulika kuliko wote. Kadi imeandikwa amepona, makohozi hayana vijidudu, lakini akipanda mlima kidogo anasimama mara tatu. Hospitali ya Mulago, Kampala, Bruce Kirenga na wenzake waliwakusanya watu kama hao mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita, wakawafanyisha mazoezi pamoja na kuwafundisha kupumua na kuishi na hali yao. Hakukuwa na dawa mpya. Walimaliza wakiwa wanatembea mbali zaidi kuliko walivyoanza. Mapafu hayakuota upya, miguu na moyo ndivyo vilivyojifunza kutumia pumzi kidogo iliyopo, na hofu ikapungua. Mtu anayeogopa kuishiwa pumzi hukaa, na anayekaa anazidi kudhoofu.

Mbulumbulu hatuhitaji mfadhili ili kuanza. VICOBA tunaviendesha wenyewe, vikundi vya kuzikana vina daftari na mweka hazina. Siku ya kliniki ipo. Wagonjwa watano wakibaki nusu saa baada ya kuchukua dawa, kikundi kimeanza.

Wafanye nini hiyo nusu saa? Mfano mmoja tu. Wengi wetu tunavuta inhela vibaya: tunabonyeza kabla ya kuvuta, dawa inabaki kooni, tunasema dawa za siku hizi hazina nguvu. Mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha katika jarida la Lancet kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inaweza kufanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani cha kuvutia dawa, kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ile ile ya maji tunayotupa njiani. Ioshe, iache ikauke. Toboa kitako chake kwa waya uliopashwa moto mpaka tundu lilingane sawasawa na mdomo wa inhela, kisha uingize inhela na kuziba pembeni kwa gundi au plasta. Hiyo plasta ni muhimu. Katika utafiti ule, chupa iliyozibwa ndiyo iliyofanya vizuri kuliko ile iliyovuja. Tikisa inhela, mgonjwa aweke mdomo kwenye mdomo wa chupa, abane midomo, ubonyeze mara moja, avute pumzi polepole mara kadhaa. Mama aliyeliona hilo likifanywa na mama mwenzake hatasahau. Mwenzio akikuuliza kila mkutano "wiki hii umevuta ya bluu mara ngapi?", na jibu lako likawa zaidi ya mara mbili, wote mnajua kwamba pumu yako haijatulia na kwamba Jumatatu uende kwa mganga wa zahanati.

Lakini nisije nikaonekana nauza kikombe kingine. Kikundi nacho kinaweza kupoteza watu, tena haraka. Uvumi wote wa 2011 ulipita katika makundi: kwaya, vyama vya wafanyakazi, familia. Kikundi cha wagonjwa kisicho na mtu wa afya wa kukisahihisha kinaweza kugeuka sehemu ya kupeana mizizi na namba za waganga. Nimesikia pia habari za wagonjwa kuazimana vidonge vya TB mmoja anapoishiwa. Ni upendo, naelewa, lakini wote wawili wanakuwa na dozi pungufu, na hivyo ndivyo usugu unavyozaliwa. Inhela nayo haiazimwi. Posho ni tatizo la namna nyingine: mradi ukija na posho kikundi kinajaa, mradi ukiondoka kinakufa, na wagonjwa wanabaki wapweke kuliko mwanzo.

Na kuna jambo la tahadhari ambalo lazima mhudumu wa afya alisimamie tangu siku ya kwanza. Aliyegundulika na kifua kikuu cha mapafu na ndiyo kwanza anaanza dawa anaweza bado kuambukiza. Asikalishwe chumba kimoja na wenye pumu na wazee wenye vifua vilivyokwisha kudhoofu. Akaribishwe, ila mkutano uwe nje penye upepo, afunike mdomo anapokohoa, na daktari ndiye aseme lini amevuka hatua ya kuambukiza. Nyumba ya mikutano yenye madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya baridi ya Julai ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Moto wa kuni katikati ya kikao cha watu wa mapafu sitausemea, ingawa najua kuna watakaouwasha wapate joto.

Kuhusu waleta dawa mpya, maana watakuja, iwe ni kikombe, unga wa majani, au chupa yenye picha ya mapafu inayouzwa mnadani Karatu: msiwafukuze wanachama wanaotaka kujaribu, wataficha tu. Aseme mbele ya wote amejaribu nini, na asiache dawa za kliniki. Katibu aandike tarehe. Aandike pia vitu vinavyohesabika: amesimama mara ngapi kupanda kutoka kisimani, ameamka usiku mara ngapi, amevuta ya bluu mara ngapi. Ushuhuda wake usipokelewe siku hiyo. Arudi baada ya miezi mitatu, daftari lifunguliwe ukurasa ule, asomewe alichosema, kisha aulizwe tena.